Nilizima Waifai Mwenyewe, Nikamsingizia Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana hadi sasa nimeduwaa, mimi ni fundi wa kompyuta, mwaka wa kumi na tatu huu, na mke wangu anasomea famasia kwa mtandao kwa laptopu kuukuu niliyompa mwenyewe, sasa wiki mbili zilizopita waifai ikagoma kabisa, nikamuuliza umeifanya nini, akasema sijaifanya kitu, nikapandwa na hasira, nikamwambia baba yake aliyekuja kututembelea kwamba binti yake ni mharibifu, kaua kadi ya waifai kwa kupakua masinema, mzee akainama kwa aibu, mke wangu akalia, kesho yake wakaondoka pamoja kwenda kwao, akaniambia masomo ndiyo basi tena. Nikaifungua laptopu, nikabadilisha kadi, mashine ikaikataa, haikuwaka hata. Nikatafuta nyingine ya aina ileile ya zamani, ikawaka lakini mtandao haushiki, nikakagua nyaya za antena, nikaweka programu upya, wapi! Leo asubuhi naigeuza nikaze skrubu, lahaula, ubavuni kuna kiswichi kidogo cha waifai, kimezimwa! Nikakisukuma kwa ukucha, mtandao huo! Ndipo nikakumbuka ni mimi niliyeipiga brashi ya vumbi siku ileile ilipogoma. Mtihani wake wa mwisho ni keshokutwa. Je, nikimwambia kadi ilikuwa mbovu nikaibadilisha, nitakuwa nimedanganya? Si nimeibadilisha kweli?

Fundi Niliyeduwaa

Makubwa haya! Miaka kumi na tatu unafungua mashine za watu, na kiswichi cha nje hukukiona? Hilo nakusamehe, macho huchoka. Lakini umwaibishe mwenzio mbele ya baba yake kwa kosa la mkono wako, halafu unaniulizia namna ya kushukuriwa! Una uso wewe? Najua unaogopa, fundi kuchekwa na mkwe wake si mchezo. Chekwa tu, hutakufa.

Hadithi ya kadi ni uongo, tena uongo wa kitaalamu. Ukimrudisha kwa hiyo, kila kitu kikiharibika humo ndani atajiona mkosaji.

Nenda kwao leo hii na laptopu, na chaja usiisahau. Usimwite pembeni. Ulimtukana mbele ya mzee, basi mbele ya mzee huyohuyo useme, "Baba, niliizima mimi, binti yako hakukosa." Waonyeshe kiswichi, na neno "lakini" liache huko kwako. Kisha jaribu mtandao wa hapo hadi ukurasa wa mtihani ufunguke.

Akikubali kurudi, shukuru. Akikataa, usimlilie kabla mtihani haujapita. Iache laptopu mezani kwake inawaka, urudi peke yako.