Ndege ya Saa Mbili Asubuhi

3 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, usiimezee njiani. Mimi mzima, ila mikono imebabuka kwa pasi. Hoteli imejaa na mashuka hayaishi. Msimamizi amenipa likizo ya Desemba! Nakutumia picha ya tiketi. Kifua cha Mama vipi?

Mziwanda wako

9 Septemba

Mziwanda,

Marahaba. Mama yako anasema yake imefika, imepoa kidogo. Naandika kwa kuwa sikio langu na simu haviivani; cherehani zimelimaliza. Kifua bado kinamkwaruza. Nilitaka kukuita mapema, akanikemea: "Mwache mtoto amalize kazi! Kwani yuko mbali?" Kila akinywa dawa anaitazama tiketi na kucheka: "Kumbe ni pua na mdomo!"

Baba yako

14 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mwambie Mama utani wake umechekesha chumba kizima cha pasi. Lakini akizidiwa, usinifiche.

Mziwanda

2 Oktoba, saa moja asubuhi

Mwanangu,

Salamu zitangoja. Mama amezidiwa tangu alfajiri, na daktari anasema uitwe. Sasa mwenyewe amekubali. Tiketi inasema ndege inaondoka saa mbili na kutua saa tano, basi wahi ya leo. Ni mwendo wa saa tatu tu. Nimetoa meza ya kukatia vitambaa upate pa kukaa kando yake.

Baba

2 Oktoba

Baba,

Siyo saa tatu! Saa mbili ni ya huku, saa tano ni ya huko kwenu. Hewani ni mwendo wa saa nane. Jua linaanza kuchomoza huku niliko, Baba. Hapa sasa ni saa sita mchana, na ndege ya leo iliondoka mkiwa mmelala. Kumbe Mama hakuwa akitania! Nimepata ya kesho. Mwambie anisubiri. Tafadhali, Baba, mwambie.

Mziwanda

2 Oktoba, alasiri

Mziwanda wangu,

Pole, mwanangu. Mama ametutoka. Hatumziki mpaka ufike. Kula kitu kabla ya kupanda, na dada zako watakupokea uwanjani.

Ujumbe wako niliuona, lakini sikumsomea. Alikwisha kuomba gauni lake la buluu, nikamshonea kifungo kilicholegea akiwa amelivaa. Akanigombeza kwamba nimekaza uzi. Macho yalikuwa mlangoni. Jirani akiingia, Mama alimwambia, "Pisha, mtoto yuko angani."

Saa tano ilipofika akaniuliza, "Ameshatua?"

Nikasema ameshatua.

"Ana mizigo mingi?"

Nikasema ana begi moja tu.

"Basi hatachelewa," akasema, akafumba macho.

Baba yako