Kilichokuwa Ndani ya Chupa ya Mjomba

Kosa wanalolifanya wenye injini wengi ni kumimina oili ya injini kwenye tangi la dizeli, wakiamini kwamba wanailainishia pampu. Nia ni njema, dawa ni mbaya. Oili imetengenezwa ili isiungue, na ukiipeleka mahali pa kuungua itaungua nusunusu, itagandisha masizi kwenye nozeli, vile vitundu vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini, na bomba la moshi litamwambia kila jirani ulichofanya. Nimeliandika hili mara kadhaa katika safu hii, na kila mara nimejibiwa kwa hasira na wasomaji ambao baba zao waliendesha hivyo miaka thelathini. Wiki hii nimepata barua kutoka kwa mtu aliyelipatia jambo hili ufumbuzi na hapo hapo akajitafutia balaa. Ilikuwa kurasa sita, nimeipunguza kidogo.

*

Mshauri, shikamoo. Mimi ni fundi wa mitambo, msichana wa miaka ishirini na sita, na nakuandikia nikiwa na furaha ambayo siwezi kuila kwa raha, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Mjomba wangu, ndiye aliyenilea na kunisomesha chuo cha ufundi, ana kiwanda kidogo cha kupasua mbao, na msumeno mkubwa unaendeshwa na injini ya dizeli iliyonizidi umri, na ukuta wetu wa nyuma unapakana na shule ya watoto wadogo, na kwa miaka mingi moshi wetu umekuwa ukivuka ule ukuta na kuingia madarasani, mpaka madirisha ya upande wetu yakafungwa moja kwa moja na mwalimu mkuu akawa anapita getini kwetu kama hatuoni. Mwaka huu ikaja barua ya manispaa kwamba baada ya miezi mitatu mkaguzi atapima moshi, ukizidi kiwango injini inafungwa, na kufungwa kwa injini ndiko kufungwa kwa mjomba, maana hana kazi nyingine anayoijua wala anayoitaka.

Sasa mjomba ana tabia iliyowafanya mafundi wamwite Mzee Dozi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha anachovya vidole viwili kwenye dizeli, anasugua, anatikisa kichwa, anasema dizeli ya siku hizi kavu, haina utelezi wa zamani, kisha anachukua chupa yake ya nusu lita ya oili mpya ya injini na kuimimina yote kwenye dumu la lita ishirini, ndipo dumu linaingia tangini. Nilimweleza kwa adabu kwamba oili ile ndiyo inayotutolea moshi, akaniambia, "Bi Chuo, mimi nimeifungua hii pampu mara mbili wewe hujazaliwa." Nikamwambia dawa ya ukavu ipo, inaitwa esta, ni ndugu wa biodizeli, inatengenezwa kwa mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia, mjomba akacheka mpaka akaegemea rundo la mbao, akawaita wapasuaji waje wamsikie mpwa wake anayetaka kuikaanga injini.

Mshauri, hapo ndipo nilipokosea, au nilipopatia, sijui. Kazi ya kuijaza ile chupa kutoka kwenye pipa la oili ni yangu tangu nikiwa msichana wa shule, hakuna mwingine anayeigusa, na mwenzangu niliyesoma naye chuoni yuko maabara ya kiwanda cha biodizeli, akanipatia esta iliyopimwa pamoja na dawa kidogo ya kusafishia nozeli, na rangi yake ni ya dhahabu, kwa macho ni oili mpya kabisa, basi nikaisafisha chupa ya mjomba, nikaijaza esta, nikairudisha mahali pake. Asubuhi akaimimina kwa mkono wake mwenyewe. Alishtuka kidogo kuona ni nyepesi, akasema hata oili siku hizi wanaichakachua, akaendelea na kazi zake.

Wiki ya pili injini ikaanza kukohoa na kuzimika katikati ya gogo, nikajua nimeiua, nikafungua filta nikakuta tope jeusi zito, nikaweka filta mpya, siku ya tano nikabadilisha tena, na tangu hapo haijakohoa. Siku mjomba alipokwenda kwa daktari wa meno nikazitoa nozeli zote nikazisafisha. Moshi ukawa kijivu, ukawa mwepesi, mwisho ukawa hauonekani, ila palikuwa na harufu ya viazi vya kukaanga ambayo mjomba aliisingizia jiko la shule, akasema ndiyo maana watoto wale wananenepa.

Siku ya mkaguzi tulisimama wote. Akaingiza kipimo kwenye bomba la moshi, akasoma, akakitoa, akakifuta kwa kitambaa, akaingiza tena, halafu akamuuliza mjomba, "Mzee, hii mashine imewashwa kweli?" Mjomba akamwambia, "Pandisha mkono hapo uungue ujue." Tumepita, Mshauri, tumepita kwa chini kabisa ya kiwango, mkaguzi akasema hajapata kuandika namba ndogo vile kwa injini ya umri ule. Kabla hajamaliza kusaini tukasikia kelele nyuma ya ukuta, madirisha ya shule yanafunguliwa, moja baada ya jingine, mengine yalikuwa yamekwama wanayapiga ngumi, na mwalimu mkuu akatokeza kichwa akamwita mjomba "baba". Wapasuaji wakambeba mjomba juu juu, na yeye huko juu akainua chupa yake, akasema, "Mlikuwa mnanicheka. Dozi ni hii hii."

Nikapiga makofi kama wengine.

Sasa habari zimeenea, na wenye mashine wa mtaa mzima, wa vinu, wa kuchomelea, wa pampu za maji, wamemwomba mjomba Jumamosi awafundishe siri yake. Anafanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo, amenunua shati. Na jana mwenye kinu cha kusagia amempigia simu kwamba ameshaanza, ametia lita nzima ya oili na moshi umezidi, mjomba akamwambia aongeze. Nilikuwa nimesimama karibu, nikashindwa kusema. Nikisema nitamvua nguo mtu aliyenifanya kuwa mtu, katika wiki tamu kuliko zote za maisha yake. Nikinyamaza ataharibu mashine za watu na jina lake litakwenda nazo. Nifanye nini?

Mpwa wa Mzee Dozi

*

Binti yangu, marahaba. Nimekusikiliza mpaka mwisho, sasa nikugombeze.

Ulikosea. Mtu alikukabidhi chupa yake miaka yote hiyo bila kuinusa, na wewe ukaitumia imani hiyo kumpitia mlango wa nyuma. Kama ile esta ingekuwa na maji, au ingekuwa ya kienyeji, iliyopikwa na mtu asiyejua kuiosha, pampu ingekufa na mjomba wako angeamini mpaka kaburini kwamba aliiua yeye. Ulibahatika kuwa na rafiki mwenye maabara. Usiiite bahati hiyo busara.

Basi, kugombezwa kumekwisha. Sasa pokea pongezi, kwa sababu ulichofanya kuanzia hapo ni kazi safi ya fundi, na nataka wasomaji wote waielewe kabla hatujarudi kwa mjomba.

Pampu ya dizeli haina oili yake. Vyuma vyake, vilivyobana kiasi kwamba unywele haupiti, vinalainishwa na dizeli ile ile inayopita humo kwenda kuungua. Dizeli ya zamani ilikuwa na salfa nyingi, na ilikuwa na utelezi. Viwanda vilipoanza kuitoa salfa ili watu wavute hewa nzuri zaidi, njia ya kuitoa iliondoa pia vile vitu vidogo vilivyoipa dizeli utelezi wake. Wasafishaji wazuri hurudisha utelezi huo kwa dawa, wengine hawarudishi vya kutosha, na dizeli inafika kwako kavu. Kwa hiyo mjomba wako, kwa vidole viwili na bila kitabu, aligundua ugonjwa wenyewe hasa. Wewe ulisoma dawa. Yeye aliujua ugonjwa kwa mikono iliyoifungua pampu hiyo kabla hujazaliwa, kama alivyokuambia.

Esta ni nini? Chukua mafuta ya kupikia. Ni mikia mitatu mirefu iliyofungwa kwenye kichwa kimoja, na ndiyo maana ni mazito. Kiwandani mikia inafunguliwa, kila mmoja unafungiwa kipande kidogo cha alkoholi, na kile kichwa, ambacho ni gliserini, kinatolewa kando. Mkia uliofunguliwa hivyo ndio esta, na ukijaza tangi zima unaitwa biodizeli. Upande mmoja wa esta unapenda chuma na kukishika, upande wa pili unateleza. Sehemu mbili tu katika mia zinatosha kuweka utando kati ya chuma na chuma. Na kwa sababu inaungua vizuri, haiachi masizi kama oili.

Tena esta ni msafishaji. Lile tope ulilolikuta kwenye filta ndilo linalowatisha watu wengi wakatupa kitu kizuri wiki ya pili. Hawajui kwamba uchafu ule ni wa miaka, ulikuwa umelala ndani ya tangi na mabomba, na sasa umeamshwa. Wewe ulidhani umeiua injini, lakini ukafungua, ukatazama, ukabadilisha filta mara mbili. Hapo ndipo wengi wangerudi kwenye oili.

Lakini usijidanganye, na Jumamosi msije mkawadanganya watu, kwamba chupa peke yake ndiyo iliyomshinda mkaguzi. Ushindi ule ulikuwa wa mambo matatu: oili iliacha kuingia, nozeli zilisafishwa, na pampu ikapata utelezi wake. Mtu akitia esta juu ya nozeli zilizoziba asitegemee muujiza. Na asitokee msomaji wa safu hii akaanza kupika esta uani kwake. Ile alkoholi ni sumu na inashika moto haraka, na esta isiyooshwa inakula pampu kuliko ukavu wenyewe. Inunuliwe kwa anayeipima, na karatasi ya kipimo ionekane.

Turudi kwa mjomba. Unasema ukimwambia utamvua nguo. Sikubaliani nawe hata kidogo. Atakayemvua nguo ni mwenye kinu, mbele ya watu, nozeli yake ikishaziba, naye mjomba akiwa ndani ya shati jipya. Wewe unaweza kumwambia chumbani, mkiwa wawili, na bado ana siku za kujipanga. Tofauti kati ya aibu ya watu wawili na aibu ya mtaa mzima ni kubwa sana, binti yangu.

Usianze na chupa. Anza na vidole vyake. Mwekee vikombe viwili vidogo, kimoja dizeli tupu, kingine dizeli yenye esta, usimwambie kipi ni kipi, mwombe asugue. Mtu aliyeupima utelezi kila asubuhi ya maisha yake hatakosea. Akishachagua, mwambie alichokichagua, mwambie amekuwa akikimimina kwa mkono wake miezi mitatu, na mwombe radhi kwa kuficha. Omba kwa hilo tu. Usiombe radhi kwa injini.

Atafoka. Pengine atakutoa nje na kukuita majina. Mwache. Mtu aliyecheka mpaka akaegemea mbao anahitaji muda wa kuinuka. Lakini nakuhakikishia kitu kimoja: mtu aliyekusomesha ili uijue mitambo kuliko yeye, siku akigundua kwamba kweli umeijua, chini ya ule ukali kuna furaha ambayo hataweza kuificha muda mrefu.

Na Jumamosi asimame yeye kwanza. Awaambie dizeli ni kavu, awaonyeshe kwa vidole, hilo ni lake na hakuna atakayempokonya. Awaambie alitibu kwa oili miaka yote na oili ilimfukiza yeye na watoto wa shule. Kisha akuite wewe, uwaeleze esta, filta na nozeli. Wenye mashine wataondoka na jambo la kweli, na kile ambacho wapasuaji walimbebea mjomba juu juu hakitakuwa uongo. Watoto wamefungua madirisha, mkaguzi ameandika namba. Ushindi huo ni wenu wawili, na ukiwa na wenyewe wawili hautapungua.

Mwenye kinu asingoje Jumamosi. Mjomba akishajua, ampigie yeye mwenyewe amwambie azime mashine, amwage dizeli yote iliyochanganywa na oili, na wewe ukaziangalie nozeli zake. Simu hiyo itakuwa ngumu kwake, na ndiyo itakayomfanya aheshimiwe mtaani kuliko chupa yoyote.

Uliandika kwamba ulishindwa kusema ukiwa umesimama karibu naye. Usimwandikie, usimtume mtu, usingoje afurahi zaidi. Leo akishavua ovaroli na kunawa mikono, funga mlango wa ofisi, keti mbele yake, umwambie.