Kwa Mama Mkwe Aliyenifungia Chakula cha Safari

Mama Betty, mama mkwe wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeegesha lori nyuma ya ghala moja hapa Houston, nikingoja zamu yangu ya kupakuliwa mzigo. Mkebe wa chakula uko mapajani na nimeshakula nusu. Haya ninayoandika ningeweza kukuambia kwa simu, lakini kwenye simu wewe na mimi huishia kuulizana habari za mtoto na kama mvua imenyesha Kakamega, kisha namrudishia Betty simu haraka kama kitu kinachochoma. Kwenye karatasi aibu inapungua.

Unakumbuka ulivyofika? Imani alikuwa bado mchanga kabisa, Betty anajiandaa kurudi kazini hospitalini, nasi hatukuwa na mtu wa kumshika mtoto. Kwenye uwanja wa ndege wa Dallas Betty alikurukia akakukumbatia. Mimi nilibeba mizigo yako huku nimetazama sakafu. Kwetu Waluhya mkwe hampi mama mkwe mkono, hali chakula mbele yake, na akiweza, hapiti mahali alipo. Kule nyumbani hilo halina shida. Kuna uwanja, kuna mlango wa nyuma, na jiko liko kando. Lakini hapa Arlington tulikuwa na nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, korido moja na choo kimoja.

Basi tukajiwekea sheria bila hata kukaa kikao. Nikitaka kutoka chumbani, nakohoa. Ukiwa uko kwenye korido, nawe unakohoa, nami narudi ndani. Betty alicheka mpaka akatokwa na machozi.

"Majirani watafikiri tuna TB humu."

"Wacha wafikiri," ulimjibu kutoka jikoni. "Hiyo ni afadhali kuliko nikutane na mkwe wangu amejifunga taulo."

Na ilipobidi tuzungumze, maneno yetu yote yalipitia kwa Imani, ambaye hata shingo yake ilikuwa haijakaza. Ulikuwa unamkalisha mapajani, unamgeuza upande wangu, wewe mwenyewe ukitazama dirishani.

"Imani, mwambie baba yako chai iko mezani."

"Imani, mwambie nyanya asante."

Imani alitutazama kwa zamu, kisha akatoa povu mdomoni.

Wakati ule, Mama, nilikuwa nakula barabarani. Naondoka alfajiri na mzigo kutoka Dallas, nashusha Houston, narudi jioni. Chakula changu kilikuwa kuku wa kukaangwa wa kituo cha mafuta, chipsi, na soda ya kikombe kikubwa ya kunifukuza usingizi kati ya Corsicana na Huntsville. Nikifika nyumbani nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Nilidhani uchovu ni wa kazi na kiu ni ya joto la Texas.

Wewe ndiwe uliyejua, na ulijua kwa masikio. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu nyuma ya mlango, nikakusikia ukimwambia Betty kwa sauti ya chini:

"Mumeo anakohoa sana usiku."

"Ana homa?"

"Hicho si kikohozi cha kifua. Ni cha kwenda choo. Anaamka na kuamka tena, kama mama mjamzito. Baba yako alianza hivyo hivyo."

Baba yake Betty namjua kwa picha tu, ile iliyo sebuleni kwako, ameketi na blanketi limefunika miguu. Betty alinieleza kwamba sukari ilimchukua mguu kwanza, halafu ikamchukua yeye, na kwamba wewe ndiwe uliyemuuguza miaka yote hiyo. Betty ni nesi, lakini kati ya zamu na mtoto mchanga alikuwa akilala kama aliyezimwa. Kikohozi changu hakikumfikia. Wewe ulikuwa chumba cha pili, macho, umembeba Imani.

Wiki hiyo hiyo nikapimwa. Sukari ilikuwa juu sana. Daktari alinipa vidonge, akanieleza kwamba dereva wa lori hapa lazima apite kipimo cha afya, na akishindwa, funguo anazirudisha. Nilikaa ndani ya gari nje ya kliniki muda mrefu bila kuliwasha. Nilikuwa nikimfikiria baba yake Betty na lile blanketi.

Kesho yake alfajiri nikakuta mfuko umewekwa juu ya viatu vyangu mlangoni. Hukuweza kunipa mkononi, na mahali ambapo nisingeweza kupita bila kuuona ni pale tu. Ndani mlikuwa na mikebe: viazi vitamu vya kuchemsha na maganda yake, maharagwe yasiyo na mafuta mengi, sukuma wiki, mayai, ndizi mbivu, na chupa ya uji wa wimbi usio na sukari. Kutoka chumbani kwako nikasikia sauti:

"Imani, mwambie baba yako hakuna soda humo, asitafute."

Imani alikuwa amelala fofofo.

Nilimlalamikia Betty. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, siendi nasari, nitafunguaje mikebe ya viazi mbele ya madereva wenzangu?

"Mwambie mwenyewe," akasema Betty.

"Nitamwambiaje?"

"Basi kula."

Nikala. Sikuwa na njia nyingine, maana mkwe hawezi kumrudishia mama mkwe chakula. Nadhani ulilijua hilo kabla ya kuwasha moto. Na nilipokula mwezi wa kwanza, nikaona mabadiliko. Mchana sikusinzia tena. Vikohozi vya usiku vikapungua, na asubuhi moja nikakusikia ukiimba jikoni, nikajua nawe umeona.

Halafu ukaanza kuagiza. "Imani, mwambie baba yako aangalie kama huko anakokwenda kuna mboga za watu." Betty alikuwa amekuambia juu ya duka la Waafrika kule Alief, upande huu wa Houston. Nikishashusha tela, naenda na kichwa cha lori peke yake mpaka pale, nanunua kunde, managu, mrenda uliogandishwa, na unga wa wimbi. Yule mama mwenye duka akawa ananicheka: "Wewe dereva, umeoa juzi?" Nikamwambia ni maagizo ya mama mkwe. Akaacha kucheka, akaniongezea fungu la mrenda bure, akasema nikusalimie. Salamu hizo sikuwahi kuzifikisha kwa sababu sikujua zitapita wapi. Leo nazifikisha.

Kulikuwa pia na Faustin, Mkongo wa kutoka Haltom City, dereva mwenzangu tuliyekuwa tukikutana mara kwa mara kwenye foleni ya ghala hili. Siku ya kwanza alinusa chakula chako akashuka kwenye lori lake, akaja mpaka dirishani kwangu.

"Kaka, hii harufu ni ya nyumbani kabisa. Nani anakupikiaka?"

"Mama mkwe."

"Mama mkwe!" Akashika kichwa. "Na unakula bila haya?"

"Nakula na haya. Lakini nakula."

Alicheka mpaka akaegemea tairi. Nikamkatia kiazi, akakila palepale amesimama juani.

Lakini siku ninayotaka kukukumbusha hasa ni ile ya foleni ndefu. Nadhani hujaisahau. Nilikuwa nimemeza kidonge asubuhi, nikasema nitakula nikishashusha mzigo. Foleni haikusogea. Kila nilipotaka kufungua mkebe, niliitwa nisogeze lori, nisaini, nirudi nyuma, nisogee tena. Nilipomaliza, nikaona nimechelewa, nikashika barabara ya kurudi Dallas nikijiambia nitakula mbele ya safari. Karibu na Huntsville mikono ilianza kutetemeka kwenye usukani. Jasho likanitoka na huku AC inavuma. Mistari ya barabara ikawa miwili miwili. Namshukuru Mungu palikuwa na kituo cha kupumzikia hapo mbele. Niliingiza lori, nikalisimamisha limekaa upande, wala sikujali.

Nilimpigia Betty. Alikuwa wodini, simu imezimwa. Nikapiga ile simu ya nyumbani tuliyokuachia ya dharura. Ukaipokea.

"Haloo? Betty?"

"Ni mimi," nikasema.

Nilisikia Imani akilia kwa mbali, na nilijua unamtafuta kwa macho ili upitishe maneno. Halafu nadhani uliisikia pumzi yangu, kwa sababu sauti yako ilibadilika.

"Uko wapi?"

"Huntsville. Natetemeka, Mama."

"Gari limesimama?"

"Limesimama."

"Lizime. Umekula?"

"Bado."

"Ulimeza dawa?"

"Nilimeza."

"Fungua mkebe mdogo, ule wa juu. Kuna ndizi na chungwa. Anza na hivyo. Kula nikikusikia."

Nikakwambia tumbo linakataa. Ukaniita kwa jina langu, Mama, jina ambalo sikujua kama unalijua. "Wekesa. Kula."

Nikala. Nilitafuna ndizi ile simu ikiwa sikioni, mama mkwe wangu akinisikiliza nikitafuna. Kila nilipotulia uliuliza, "Umemeza?" Nikishameza unasema, "Haya, kipande kingine." Ili nisilale ulinisimulia habari za soko lako, jinsi mwanamke mmoja alivyokaa kwenye gunia lako la mahindi akakataa kuondoka mpaka apunguziwe bei. Nikacheka. Ukasema, "Sasa unacheka, damu imerudi. Fungua viazi." Hukukata simu mpaka mikono ilipotulia, na hata hapo ulinikataza kuwasha gari mpaka Betty atoke wodini azungumze na mimi. Betty alipopiga, alikuwa analia na kunigombeza kwa wakati mmoja. Kesho yake tulirudi kwa daktari, akanibadilishia dawa.

Jioni ya siku ile ya foleni, nilipofika nyumbani, nilisimama mlangoni nikakohoa kama kawaida. Hukukohoa. Ulitoka jikoni, ukasimama katikati ya korido, ukanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Umefika," ukasema.

"Nimefika, Mama."

Ukarudi jikoni. Hatukuwahi kulizungumzia tena. Siku chache baadaye vikohozi vilirudi na Imani akarudi kwenye kazi yake ya ukalimani. Lakini mimi tangu siku ile nimejua kwamba nina mama wawili.

Cheti changu cha afya nilikipata. Wakati huo ulikuwa umesharudi Kakamega. Betty alikuambia ukapiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani yako akaja kuuliza nani ameolewa. Ulipoondoka nilidhani mikebe imekwisha, maana Betty ana zamu zake na sikutaka kumwongezea mzigo. Ndipo nikaanza kujifungia mwenyewe. Siku za kwanza maharagwe yangu yalikuwa magumu kama kokoto, na mrenda nilioupika hata Faustin aliukataa. Sasa naweza. Nafunga changu na cha Betty, na Imani, ambaye siku hizi ananijibu kwa Kiingereza, nampakia matunda ya shule. Betty anasema manesi wenzake wanamuuliza amempata wapi mume wa namna hii. Anawaambia nilifundishwa na mama yake.

Nimesema asante kwa kurasa hizi zote, na bado naona sijaisema vizuri. Nina macho. Nina miguu yote miwili. Nina kazi yangu. Mtoto wangu ananikimbilia nikifungua mlango. Hayo yote naona mkono wako ndani yake.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika leo. Jumapili Betty aliongea na dada yake, na dada huyo akamwambia kwamba kliniki ilikupima ikakuta presha iko juu na sukari inaanza kupanda. Akamwambia pia kwamba unakwenda sokoni asubuhi na chai ya sukari na mandazi, na huli kitu kingine mpaka jioni. Betty alipouliza kwa nini, dada yake akasema wewe unadai huna muda wa kujipikia mtu mmoja.

Mama, sikulala vizuri. Nilifikiri juu ya wewe kuamka gizani kuchemsha viazi vya mtu ambaye hata kumtazama usoni ulikuwa huwezi. Muda huo uliupata. Watu wote uliowauguza na kuwalisha, wewe mwenyewe unakaa wa mwisho, na ikifika zamu yako sufuria imekwisha. Nakuomba uanze na wewe. Viazi vitamu viko shambani kwako. Kunde ziko nyuma ya nyumba. Funga, ubebe sokoni, na ukila usione haya mbele ya wateja.

Na nimefikiri jambo jingine. Saa saba ya mchana huko kwenu, wakati wa kula, hapa kwetu ni alfajiri, nami niko jikoni nafunga mikebe kabla ya safari. Nitakuwa nakupigia wakati huo. Sitampitisha Betty na sitampitisha Imani. Wala usihangaike kutafuta la kuniambia, kwa sababu mimi nitakuwa nakatakata sukuma. Wewe weka simu karibu tu, ufungue chakula chako, ule.

Pokea simu, Mama.

Mkweo akupendaye,
Baba Imani