Wimbo Niliomuimbia Habiba

Jumatatu, tarehe 3
Zaituna mzima. Mjukuu Salma mzima, mafua tu. Mimi mzima ila roho haikai. Nachambua mchele nasimama, nafagia nasimama. Binti yangu Zaituna anafanya kazi redioni. Wanataka historia ya ule muziki unaofungua mchezo wao wa Jumapili. Watu wote wanasema aliutunga marehemu baba yake, mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi kule Naguru. Nimekubali kwenda kusema. Kwa nini nimekubali?

Jumanne, tarehe 4
Niandike ukweli hapa kwanza. Baba Zaituna hakutunga. Alinisikia nauimba jikoni, akautia kwenye tarumbeta, redio wakauchukua bila maneno. Maneno yalikuwa ya doluka, ngoma yetu Wanubi ya harusi, wanawake tunaposutana. Nilitunga mimi, harusi ya shemeji, hapa hapa uani Kawempe. Niliimba: Shuka za Habiba nyeupe, hakuna wa kuzikojolea. Habiba jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Hana mtoto hadi leo. Siku ile hakuja, walisema anaumwa. Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka. Mbaya mimi.

Jumatano, tarehe 5
Zaituna ameuliza kama muziki ule ulikuwa na maneno. Nimesema nimesahau. Uongo. Halafu Habiba akapita kumletea Salma uji wa tangawizi, anauimba wimbo huo huo, mdomo umefungwa. Uji nimeumwaga nusu.

Ijumaa, tarehe 7
Nimeenda kwa Habiba. Baada ya sala. Nimemwambia yote, macho chini. Alikuwa anasuka kawa ya kufunikia chakula, hakuacha kusuka. Nilidhani atanifukuza.
“Nilikuwa kitandani, Mama Zaituna. Ngoma ilifika.”
Akavuta ukindu, akakaza.
“Mimba ilikuwa imetoka asubuhi ile. Ya pili. Wewe hukujua. Nenda kaseme. Lakini na hilo sema. Na jina langu usilifiche.”
Nimerudi nyumbani viatu mkononi, sijui kwa nini.

Jumapili, tarehe 9
Jana nilirekodi. Nilisema la kwangu, nikasema na la kwake, na jina. Zaituna alitazama mashine tu, hakunitazama mimi. Leo jioni wamerusha maneno yangu kabla ya mchezo. Kwa Habiba redio ilikuwa juu, nilisikia kupitia ukuta. Nilipofika kwenye jina lake hakuizima. Mchezo ukaisha.
Salma amelala. Nimepika wali mwingi kuliko watu wa nyumba hii. Sitaki kugonga mlango wa Habiba, safari hii aamue yeye.
Habiba, ndugu yangu, niite. Upesi.