Mkate Wenye Pete

Jumatano, 26 Oktoba 2005

Uji kakataa tena. Mwepesi, una siagi, una sukari, nimempulizia kama mtoto. Kijiko kimoja tu, mdomo kaufunga. Nikimuuliza ananijibu neno lilelile: "Bado." Tangu kiharusi kimkamate, mke wangu Nora hana neno jingine. Kiingereza chote alichozaliwa nacho kimekwenda. Limebaki hili moja la kwetu, alilokuwa akinitania nalo kila Ramadhani akiniona naiangalia saa. Mkono wa kulia hauna uhai. Wa kushoto unao, wa kunisukumia bakuli.

Dada yake, Shemeji Kathleen, kapiga simu kutoka Sutton Coldfield. Jumatatu anakuja, kama kila mwisho wa Oktoba, siku yao ya kula mkate wa matunda wa kwao Ayalandi. Safari hii mkate hautakuwepo, kasema, lakini mazungumzo yapo. Kamtafutia Nora nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake. Ati Nora hana akili tena. Anabwabwaja, hajui yuko wapi wala yuko na nani. Ati mimi siwezi kumtunza.

Siwezi! Mkate utakuwepo. Nitauoka mwenyewe.

Alhamisi, 27 Oktoba

Nimeoka. Tofali.

Nilidhani unga ni unga, nikatumia wa chapati uliomo kwenye pipa. Haukuumuka hata chembe. Kisu hakikuingia. Nimeutupa uani, na ndege wa mtaa wetu huu wa Small Heath wanaokula kila uchafu wameupita.

Nimekwenda Coventry Road na saumu yangu, mvua inanipiga, kutafuta unga unaoumuka wenyewe. Msomali wa dukani kaniuliza nataka kupika nini. Mkate wa Kiayalandi, nikamwambia. Kacheka mpaka kashika kaunta. Mjinga yule. Nimenunua zabibu nyeusi na za dhahabu, na maganda ya machungwa ya sukari. Vyote hulowekwa kwenye chai mpaka kesho yake. Hilo nalijua, nimemwona Nora miaka yote. Na chai sina haja ya kufundishwa na mtu.

Ijumaa, 28 Oktoba

Kamwaga! Bakuli zima!

Nilichemsha chai ya rangi ya nguvu. Iliki, mdalasini, tangawizi ya kuponda, karafuu. Nyumba ilinukia Idi kabla ya Idi. Leo nikampelekea aone zabibu zilivyovimba. Kanusa. Kakunja uso. Kalisukuma bakuli kwa ule mkono mzima, chai yote kwenye zulia. "Bado," kasema.

Nimempigia kelele. Nimemwambia huna shukrani, mwanamke wee. Mgonjwa, tena mke wangu, na mimi nimefunga. Nikapiga magoti kuokota zabibu mojamoja huku nimetahayari.

Hukohuko chini ndipo iliponijia. Chai yao haina kitu! Majani na maji, basi. Tangu tuoane jikoni mwetu mna mabirika mawili, lake na langu, kwa sababu hakuna anayeiweza chai ya mwenzake. Na mimi, pumbavu, mkate wake nimeuloweka kwenye birika langu. Kujua hivyo hakukunipoza. Kumenizidishia hasira.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimeloweka upya, kwenye chai yake kavu. Kanusa. Kaitikia kwa kichwa. Alhamdulillahi.

Mchana nimeswali, nimerudi, namkuta anavua pete ya ndoa. Kwa meno! Kidole kimo mdomoni, anavuta, mate yanamtoka. Pete ikachomoka, akaifumba kiganjani. Nikamwomba anipe. Kakataa kata kata.

Nikamwacha na pete yake. Nimetoka nje nikakaa uani, mvuani, na lile tofali langu.

Kwa hiyo kakubali kwenda. Dada mtu kashamjaza maneno. Mama yake alinifungia mlango, baba yangu aliacha kuniandikia, yote tumeyapita pamoja, leo ananivulia pete. Nimeumia. Nimemkasirikia kuliko nilivyopata kumkasirikia binadamu yeyote. Haya, aende!

Jumapili, 30 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma saa moja, desturi ya huku kila baridi inapokaribia. Magharibi imewahi.

Nimeoka, lakini kwa hasira tu, ili Kathleen asinicheke. Unga, sukari guru, yai, zabibu na chai yake. Sikuonja, nimefunga. Nora nimemsogeza mezani na kiti chake cha magurudumu. Hatutazamani. Nikamimina rojo kwenye bati.

Ndipo akafungua ngumi. Akaidumbukiza pete kwenye rojo, pembeni kabisa ya bati, akaididimiza kwa kidole.

Astaghfirullah. Pete! Mkate wao wa siku hii haukosi pete ndani, na atakayeipata ndiye atakayeoa au kuolewa. Nilisahau. Siku zote tulitia ya bandia, ya sokoni, na mwaka huu nani angemnunulia? Jana nzima nimemnunia mtu aliyekuwa akinisaidia kupika!

Lakini hata kuona haya sikuachiwa nafasi. Kidole chake kimeacha shimo. Nikalisawazisha kwa kijiko, akalitoboa tena. Nikasawazisha, katoboa. Mkaidi huyu! Nikamwachia. Mkate una kitovu, na atakayechekwa ni mimi.

Jumatatu, 31 Oktoba

Kathleen kaja saa tisa na maua. Kakaa na koti lake mwilini. Kaanza kunieleza habari za vyumba na bustani, Nora yupo katikati yetu kama kabati. Maskini hajui hata leo ni siku gani, kasema.

Nikakata mkate. Umeumuka, wallahi, mzuri. Kipande cha pembeni chenye shimo kilipofika kwenye sahani, Nora kaivuta sahani kwake, kakifunika kwa mkono. Hakukila. Kathleen akangoja, akasema huyu hatakula, hebu nikitupe, akaishika sahani. Nora kamchapa kofi mkononi.

"Bado!"

Kathleen kanigeukia. "Unaona? Anabwabwaja."

Nikawaka. Habwabwaji! Hilo ni neno, nikamwambia, maana yake wakati haujafika. "Wakati wa nini?" kauliza. Nilikuwa sijajua. Nora akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani, kisha akanielekezea mimi.

Saumu yangu. Ananiwekea futari.

Kathleen akarudisha mkono mapajani. Tukakaa watu watatu tunatazama saa, mtaani kunaingia giza. Magharibi ilipotimia Nora kaondoa mkono, kanisukumia sahani. Tende niliziacha. Nikapiga bismillahi, nikauma, jino likagonga pete.

Nikaikumbuka siku ile kwa mama yao, Sparkhill, mimi mgeni nimekaa kwenye ncha ya kiti. Pete ilikuja kwangu. Mama mtu alinuna mpaka jioni. Hata mkate ule ulikuwa na shimo pembeni, na aliyeugawa alikuwa Nora.

Kathleen naye alikuwa analia. "Niliona ulivyoutoboa siku ile," kamwambia dada yake. "Nikakaa kimya." Akavua koti. Nora akala kipande chake chote, akanyoosha mkono apewe kingine.

Nyumba ya wazee haikutajwa tena. Kathleen kaomba radhi mlangoni. Nimeipokea kwa mdomo. Moyoni bado, mpaka Idi labda.

Jumanne, 1 Novemba

Mvua. Nimefua zulia, harufu ya karafuu haijatoka.

Nimeosha pete, zabibu ilikuwa imenasa ndani. Nimekipaka kidole chake sabuni nikamvisha. Imeingia taratibu.

Nikampa uji. Nikamuuliza lile nililokaa nalo uani Jumamosi, mvuani. Umenichoka, Nora?

"Bado," kasema, akafungua mdomo nimpe kijiko kingine.