Dorkasi, Maana Yake Paa

Mama, leo umetimia mwaka mmoja tangu ututoke. Ilikuwa Jumanne asubuhi, suruali ya mteja ikiwa bado chini ya sindano, mguu mmoja umekunjwa pindo, wa pili bado.

Wateja walikuita Fundi. Dorkasi lilikuwa jina la kwenye cheti cha ubatizo, nawe ulilipenda. Ulisoma katika Matendo ya Mitume habari za yule mwanamke aliyewashonea wajane nguo, ukaona maana ya jina lake ni paa. Ukaelewa paa la nyumba. Nani angekulaumu?

Ndiyo maana jirani yetu alipofiwa na mume, shemeji zake wakamfukuza, akaja kwetu na watoto wawili na godoro, hukusita. Baba alinung'unika: "Mama watoto, vyumba viwili hivi tutalalaje?"

"Mimi ni paa," ukamjibu. "Paa halimwulizi mtu katoka wapi."

Wakakaa miaka mitatu. Ukamfundisha kukata kitambaa na kutia zipu, ukifumua kila mshono uliopinda bila kumwonea haya, mpaka akafungua duka lake.

Miaka ikapita. Siku moja mkweo mwalimu, na vitabu vyake, akakueleza mezani: "Samahani, Mama, jina lako si paa la bati. Ni jina la Kigiriki, maana yake paa wa porini. Wengine husema linatokana na neno la kuona, kwa ajili ya macho yake maangavu."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Wewe hukucheka. "Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikosea?" Siku tatu ulishona bila kuifungua redio.

Jirani aliposikia alikuja mbio, tepu ya kupimia ingali shingoni. "Dada, siku ile nilipobisha hodi, nilikuuliza jina?"

Ndipo ukacheka, kile kicheko chako cha kushika mbavu, ukaagiza mwalimu aongezewe chai.

Mwezi wa tatu umepata mjukuu wa kike, naye tumempa jina lako. Mwalimu ameshaandaa maelezo ya Kigiriki. Baba amemwambia asubiri. Mtoto akianza kuuliza, babu yake ndiye atakayemweleza kwanza.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, mkweo, wajukuu, na mdogo wako yule uliyempokea mlangoni. Hapa hatumwiti tena jirani.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.