Kiko Kilichokula Kuni za Gathoni

Jumanne, Ruring'u. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya Julai, nepi hazijakauka.

Nisamehe, wewe unayesoma ukurasa huu wangu wa mtandaoni, kwa kukaa kimya hivi. Tangu mtoto azaliwe sijaandika hata mstari, na nilijiambia ni uchovu. Uchovu uko, lakini si huo tu. Kuna kitu nilikuwa naona aibu kukiandika.

Nimechonga kiko. Kiko cha kuvutia tumbaku, cha mbao, kwa mikono yangu.

Hakuna anayevuta hapa nyumbani. Kariuki, kaka yangu, fundi wa viti kule Kiriaini, aliniachia tupa na drili ya mkono. Siku moja nikaona kwenye simu mzee akichonga kiko, nikashindwa kuacha kutazama. Nikiosha vyombo, vitachafuka. Nikifua, kesho ni kufua tena. Kiko kikishachongwa kimechongwa. Mtoto akilala nakaa mlangoni nakwangua, na kwa hiyo nusu saa mimi si mama ya mtu.

Hata kuandika hivyo kunaniuma.

Lakini kosa lenyewe ni mbao. Gathoni alipozaliwa, wamama walileta matega, zawadi za mzazi, kama ilivyo kwetu: unga, ndizi, na kuni za kumpasha mzazi joto. Mama mkwe alitoka Kiganjo na mzigo wa kuni za mtamaiyu, mzeituni wa mwituni, akaubeba mgongoni kutoka stejini na goti lake lile bovu. Mtamaiyu huwaka polepole na makaa yake hukaa hadi asubuhi. Alisema niuweke, mtoto aote moto wakati wa baridi. Gathoni ni jina lake yeye, mtoto alipewa lake, kwa hivyo husema hizo kuni alijibebea mwenyewe.

Yule mzee wa kwenye simu alisema kiko kinataka mti mgumu. Nikachukua gogo moja. Nikatoboa shimo la tumbaku, nikatoboa njia ya moshi, na havikukutana. Nikachukua lingine, likapasuka. Yaliyoharibika niliyachoma siku za joto, ili yasionekane, nikijiambia baridi bado iko mbali. Nikaendelea hivyo mpaka kiko kikakubali, na mzigo ukawa umeisha.

Sasa baridi imefika na Gathoni anakohoa.

Jana mama mkwe alikuja kumwogesha. Akaangalia kando ya jiko, akaona matawi ya mti wa kahawa tu.

"Mwari, binti yangu, kuni ya Gathoni iko wapi?"

"Iliisha, Mama."

"Mtamaiyu? Kwani mlikuwa mnapikia jeshi?"

Nikacheka. Nikamwambia ati zilinyeshewa, nikampa jirani. Uongo, na mjukuu wake akiwa mapajani mwangu.

Akajifunga shuka vizuri. "Basi Jumamosi nitaleta ingine. Huyu wangu hawezi lala na baridi."

Nikamwambia asante. Kiko kilikuwa mfukoni mwa sweta yangu.

Tangu jana namwona tu akilini akipanda ile njia na mzigo, akisimama kushika goti.

Hatabeba. Ijumaa naenda Kiganjo na mtoto mgongoni, nimwonyeshe kiko, nimwambie kuni zilienda wapi, na yeye aseme atakalosema. Nitalia pengine. Lakini kukitupa sitakitupa.

Kariuki, najua wewe ndiye unayesoma haya. Kabla ya Ijumaa nitumie na gari la Kiriaini:

Mzigo mmoja wa mtamaiyu mkavu, uliokatwa wa kuchoma. Usinichagulie vipande vizuri, utanitia majaribuni.

Ile dawa ya kuchua ambayo mama yetu hununua sokoni, chupa kubwa, ya goti.

Mabaki ya mbao unayofagia pale karakanani, hata ya mkaratusi. Kuanzia sasa nitaharibu hayo.

Na msasa laini, karatasi moja. Pale pa kuweka mdomo bado panakwaruza.